Anayetia Nakshi Naye Ana Jina

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Walinena kweli, lakini hawakutueleza yatokeayo pale pete inapovikwa chanda cha mtu mwingine, na kile kilichotenda kazi kikaachwa kitupu. Hali hii ndiyo iliyowapata kwa miaka mingi mafundi wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ambao kazi ya mikono yao imepamba meza za watu wa Nairobi, London, Paris na New York, ilhali majina yao hayajulikani hata katika kijiji cha pili. Anayenunua sahani ya jiwe la Kisii dukani huuliza bei, huuliza uzito, huuliza kama itavunjika safarini. Ni nadra aulize ni nani aliyeichora.

Katika makala haya nataka tumtazame fundi mmoja mahususi, naye ni yule achoraye juu ya jiwe. Simwachi mchongaji wa sanamu, kwani nitamrejelea. Lakini mchongaji ana angalau sifa kidogo. Yule anayepokea bakuli lililokwisha kuchongwa na kutiwa rangi, akachukua ncha kali na kulitia mistari, ndiye asiyehesabiwa. Hudhaniwa kuwa ni mkono tu. Mimi nadai kwamba ni akili, na kwamba sisi walimu tunahusika katika kumfanya aonekane mkono mtupu. Hebu kwanza tuanze na lugha, maana huko ndiko kwenye shamba langu.

Kiswahili kina utajiri wa maneno yahusuyo alama zinazotiwa mwilini. Tuna chale, ambazo mtu huchanjwa kwa wembe au kisu, ama kwa dawa ama kwa urembo. Tuna tojo, litokanalo na kitenzi kutoja, yaani kukata ngozi kidogo kidogo. Tuna nembo. Aidha, tuna hina na piko, ambazo hazikati ngozi bali huipaka rangi, na wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja wamezifanya kuwa sanaa kamili yenye mabingwa wake. Na sasa vijana wetu wameleta tatuu, neno lililosafiri mbali mno. Asili yake ni lugha za visiwa vya Polinesia katika Bahari ya Pasifiki, likaingia Kiingereza baada ya mabaharia wa Kapteni James Cook kufika Tahiti mwaka 1769. Mwaka 1891, huko New York, Samuel O'Reilly alisajili mashine ya umeme ya kuchorea ngozi, aliyoiunda kwa kuiga kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Tangu hapo kazi iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya saa chache.

Msomaji makini ataona jambo la ajabu katika orodha hiyo. Kitenzi kuchanja, kilichokuwa cha mganga na wembe wake, leo ndicho kinachotupa chanjo, na hakuna mzazi anayeshtuka mtoto wake akiambiwa anakwenda kuchanjwa. Neno nembo nalo limepanda cheo zaidi. Kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza kuwa ni alama za kabila zinazochanjwa usoni au mwilini. Leo nembo ni ile picha iliyo juu ya barua ya wizara, kwenye mlango wa gari la kampuni, kwenye sare ya shule. Kila shule ya Kisii na Nyamira ina nembo, na mwanafunzi huadhibiwa asipoivaa kifuani. Hivyo basi, alama iliyotolewa usoni mwa mtu kwa kudharauliwa imerudishwa kifuani mwake kwa kuheshimiwa! Mambo hayo mawili yana msingi mmoja: binadamu hutaka kusomeka. Hutaka anayemtazama ajue ni wa nani, ametoka wapi na amepitia nini.

Wamakonde ndio wanaotufundisha vizuri zaidi uhusiano wa ngozi na kazi ya fundi. Watu hawa, wanaoishi pande zote mbili za mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji, walisifika kwa nembo zao za usoni, ambapo fundi alikata ngozi kwa mistari ya pembe na kupaka masizi ili alama ibaki nyeusi daima. Ni hao hao waliosifika kwa kuchonga mpingo. Tena vinyago vyao vya ngoma ya mapiko, ambavyo mchezaji huvivaa kichwani, vilitiwa mistari ile ile ya usoni, mara nyingi kwa kubandika nta ya nyuki juu ya mti. Je, hapo tutasema sanaa ya ngozi iliishia wapi na sanaa ya mti ilianzia wapi? Hakuna mpaka. Mchoro ni mmoja; kilichobadilika ni kile unachochorwa juu yake.

Ujuzi huo haukubaki kwao peke yao. Inafahamika kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza uchongaji huko Tanganyika alikokwenda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akarudi nao Ukambani, na kutokana naye ukatokea uchongaji wa mbao ambao umelisha maelfu ya jamaa. Nalitaja jina la Mutisya Munge kwa makusudi. Laiti kila sanaa yetu ingekuwa na jina la mtu mwanzoni mwake, tusingekuwa na tabia ya kusema kwamba "sanaa hii ni ya kabila", kana kwamba kabila zima huamka asubuhi na kushika patasi moja.

Sasa tuje Gusii. Tabaka iko kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, katika eneo la Mugirango Kusini. Chini ya mashamba ya migomba na mahindi kuna jiwe laini ambalo Waingereza waliliita jiwe la sabuni kwa vile linavyoteleza mkononi, nalo katika Ekegusii ni rigena tu, wingi wake amagena, kama mawe mengine. Kuna jeupe, kuna la rangi ya maziwa, la waridi, la manjano, la kijivu na lenye wekundu wa udongo. Wanaume huchimba kwa sururu, mitaimbo na majembe, na kazi hiyo si ya mzaha, kwani mvua ikinyesha kuta za machimbo hulegea na kuporomoka. Jiwe likishatolewa hukatwa kwa panga na msumeno, likapewa umbo kwa panga dogo na kisu. Baadaye huja msasa na maji. Hapo mara nyingi ndipo wanawake wanapoingia, wakisugua na kuosha mpaka mikwaruzo yote iishe, mikono imo majini kutwa. Mwishowe jiwe hukaushwa na kupakwa nta ling'are.

Kati ya kuosha na kung'arisha ndipo anapokaa fundi wetu. Bakuli au sahani inayotakiwa kutiwa nakshi hupakwa rangi nyeusi, nyekundu, buluu au kahawia, rangi ikashika juu juu. Fundi hushika kifaa chenye ncha: kisu kilichonolewa, msumari uliopigwa ukawa bapa, au sindano nene iliyopachikwa kwenye kipande cha mti. Hukwaruza. Rangi inapoondoka, weupe wa jiwe hujitokeza chini yake, na weupe huo ndio mchoro. Yaani yeye hachori kwa kuongeza, huchora kwa kuondoa. Mchoraji wa karatasi akikosea hufuta. Mchora ngozi na mchora jiwe wakikosea, kosa hukaa. Kwa sababu hiyo mimi humwona fundi wa Tabaka kuwa ndugu wa mchanja nembo na wa mchora tatuu. Wote watatu hufanya kazi isiyokuwa na kifutio.

Nimezungumza kwa kirefu na mmoja wao. Aliniomba nisimtaje jina, asije akakosana na wanunuzi wa jumla wanaompa kazi, na ombi hilo lenyewe ni sehemu ya yale ninayoyalalamikia. Alikulia katika jamaa ambayo kila mtu ana sehemu yake katika kazi ya jiwe. Akiwa mtoto alipewa vipande vilivyovunjika avichezee, navyo vikawa daftari lake. Hakuna aliyemketisha akamwambia leo tunajifunza mstari uliopinda. Alimtazama shangazi yake, akaiga, akachekwa, akaiga tena. Shuleni alipenda kuchora, lakini alinieleza kwamba mwalimu wake mmoja alizichukulia picha alizochora pembeni mwa daftari la hisabati kuwa utundu, akamwadhibu. Aliacha shule kwa kukosa karo, si kwa kukosa akili.

Mtindo wake hautambuliki kwa anayepita tu, lakini ukitulia utautambua. Wengi huchora twiga kwa kuanza na umbo la nje kisha kujaza madoa. Yeye huanza na madoa. Huyapanga, akaacha nafasi kati yao, na twiga akatokea kutokana na nafasi hizo bila mstari wa kumzunguka. Hali kadhalika, hapendi mchoro uelee katikati ya sahani kama stempu juu ya bahasha. Huutazama kwanza mshipa wa jiwe, maana jiwe hili lina mishipa ya rangi kama damu chini ya ngozi, kisha akaufuata. Mshipa ukipinda, shingo ya mnyama hupinda nao. Nilipomuuliza alikojifunza hayo, alijibu kwamba jiwe halipendi kubishwa. Mimi niliyesoma vitabu vingi kuhusu umbo na maana sijapata kukisikia kiini cha jambo hilo kikielezwa kwa maneno machache zaidi.

Lakini jambo lililonivutia kuliko yote ni namna anavyoipokea kazi ya kuagizwa, au oda kama wanavyoiita wenyewe. Kazi ya sokoni ni rahisi: unachora simba, tembo na wachezaji ngoma mia moja, unampelekea mnunuzi, unalipwa kwa idadi. Agizo la mtu mmoja ni jambo jingine. Atakuja mwalimu mkuu kutoka Nyamira anayetaka ngao ya kumtunuku mwalimu anayestaafu. Watakuja maarusi wanaotaka sahani yenye majina yao. Atakuja mtu aliyefiwa na mama, ana picha ndogo iliyochakaa mkononi, anataka sura ile iingie katika jiwe. Kila mmoja huja akidhani kwamba anajua anachokitaka, na kwamba fundi ni wa kutekeleza tu.

Fundi wetu huuliza maswali matatu kabla hajashika ncha. Kwanza: kitu hiki ni cha nani? Hataki kujua anayelipa. Anataka kujua atakayekipokea. Pili: kitakaa wapi? Sahani ya kutundikwa ukutani huonwa kwa mbali, hivyo mistari yake lazima iwe mipana na michache. Ya mezani huonwa kwa karibu, na hapo unaweza kuweka unyoya mmoja mmoja wa ndege. Tatu, na hapa ndipo wateja wanapoudhika: nini tukiache? Maana mteja huja na mengi. Anataka mlima, na mto, na ng'ombe, na msalaba, na jina, na tarehe, na methali, vyote juu ya sahani ya upana wa shubiri. Fundi humwambia kwa upole kwamba jiwe litashiba. Humchorea kwa makaa juu ya kipande cha karatasi, mara mbili au tatu, wakakubaliana. Huyo aliyefiwa na mama, kwa mfano, hakupata sura. Fundi alimsaili mpaka akajua kwamba mama yule alikuwa msuka vikapu, akamchorea mikono miwili na kikapu kilichofika nusu. Mteja aliondoka akilia, lakini aliondoka nacho.

Hebu tujiulize, walimu wenzangu: kuna tofauti gani kati ya maswali hayo matatu na yale tunayowafundisha wanafunzi katika somo la insha? Unamwandikia nani? Atasoma katika mazingira gani? Utaacha nini? Sisi katika isimu tunayaita hayo muktadha na uteuzi wa ujumbe, tukayaandikia tasnifu. Yeye anayatenda kila siku chini ya mti, kisha sisi tunamwita mtu asiyesoma.

Tena anasahihisha lugha. Wateja wengi humletea maandishi yenye makosa, naye huwauliza kama wana hakika. Safari moja aliletewa neno "Asanti" liandikwe juu ya zawadi ya harusi, akakataa kulichora mpaka mtoto wa jirani aliyekuwa darasa la sita alipoitwa kutoa hukumu. Wauzaji wa nje nao humletea maneno yale yale ya watalii, "Hakuna Matata" na "Jambo", kwa mamia. Huyaandika, kwa kuwa watoto lazima wale. Lakini aliniuliza swali ambalo nawaletea wanafunzi wangu: kwa nini hakuna mtu anayeagiza neno la Ekegusii? Jiwe latoka Gusii, mkono ni wa Gusii, lakini maandishi ni ya hoteli ya pwani. Ekegusii kina irabu saba, ingawa tumezoea kukiandika kwa irabu tano za Kiswahili. Hata tukikubaliana kuandika methali moja ya Kigusii juu ya sahani, tutalazimika kwanza kukubaliana jinsi ya kuiandika. Basi ncha ya fundi huyu imegusa tatizo ambalo wanaisimu bado tuna deni la kulitatua.

Nirudi sasa kwenye suala la jina. Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba Wagusii wanaye mchongaji mwenye jina, na watakuwa wamesema kweli. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa Tabaka mwaka 1944, ameipeleka sanaa ya jiwe mbali. Sanamu yake ya ndege iko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipokuwa mgeni wa tamasha la utamaduni la Smithsonian jijini Washington, alikuwa miongoni mwa walioiwakilisha. Jijini Nairobi, katika bustani ya City Park, karibu na alikozikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na kufariki mwaka 1990, kuna kazi yake nyingine ya ndege wa amani anayechomoza kutoka jiwe. Heko kwake! Lakini mti mmoja haufanyi msitu. Tunapomtaja Ong'esa na kunyamaza, tunafanya kama mtu anayedai kwamba Waswahili ni watu wa ushairi, ukimwomba majina anakupa moja tu.

Isitoshe, jina si suala la sifa peke yake. Ni suala la haki na ugali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazitambua kazi za sanaa, na nakshi zimo. Mchoro wa fundi unalindwa maishani mwake na miaka 50 baada ya kifo chake. Hapo mafundi wengi wangeshangilia. Ila kuna kifungu ambacho ningependa kila fundi asomewe kwa sauti. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wake, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Msomaji, elewa uzito wa maneno hayo. Mnunuzi wa jumla akimwagiza fundi wetu amchoree twiga wa madoa, akamlipa pesa za sahani moja, anaweza kuuchukua mchoro huo na kuuchapisha juu ya vikombe, fulana na mifuko, bila ya fundi kupata senti nyingine. Neno "isipokuwa" ndilo mlango pekee wa kutokea, na mlango huo hufunguliwa kwa mapatano tu. Ni mafundi wangapi wa Tabaka wanaoandikiana mapatano na wanunuzi wao?

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo imeacha jambo moja mikononi mwa fundi hata baada ya kuuza kila kitu, nalo ni haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitenda kazi. Jina halihami pamoja na bidhaa. Nayo Katiba ya mwaka 2010 inaitaka dola ilinde mali ya ubunifu ya Wakenya, na mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za utamaduni. Makaratasi tunayo. Kilichopungua ni mtu wa kuyasoma na kumweleza anayehusika kwa lugha anayoielewa. Kazi hiyo ingemfaa nani kuliko mwalimu?

Kuna watakaosema kwamba fundi akisifiwa ataringa, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imetumiwa mno kuwanyima watu haki yao. Anayetia maji tembo ni yule anayelipwa kwa mitungi, si kwa utamu. Fundi anayelipwa kwa idadi ya sahani atachora upesi na vibaya, hata awe bingwa namna gani. Anayelipwa kwa jina lake ataogopa kuliharibu. Kwa hiyo kumpa jina hakuleti kiburi, huleta uangalifu. Mteja naye hufaidika, kwani atajua pa kurudi.

Sasa nigeukie shule zetu. Nendeni katika darasa lolote, kutoka Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, mpaka Ogembo, mtazame mikono ya wanafunzi. Mtaona maua, mioyo, majina ya timu za mpira na herufi zilizopindwa, zote kwa kalamu ya wino. Hizo ndizo tatuu za mwanafunzi asiyekuwa na fedha. Sisi huamrisha zioshwe, na kwa kuwa kanuni ni kanuni sitawaambia muache kuamrisha. Wala simshawishi mwanafunzi yeyote akatobolewe ngozi, maana sindano iliyotumika kwa mtu mwingine huambukiza maradhi yasiyokuwa na masihara, na umri wa miaka kumi na mitano si umri wa kuchagua alama ya kufa nayo. Ninachouliza ni hiki: baada ya mkono kuoshwa, mtoto huyo tunampa nini achoree? Asipopewa kitu, tumemfundisha kwamba uwezo wake ni uchafu.

Mtaala wa umilisi umefungua nafasi, kwani katika sekondari ya juu kuna mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Hofu yangu ni kwamba tutaufanya kuwa kapu la kuwatupia walioshindwa na sayansi, kama tulivyoyafanya masomo ya sanaa na ufundi katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Yalipofika majira ya mitihani, vipindi vyake vilichukuliwa na hisabati. Shule za Gusii hazina kisingizio. Hazihitaji kuagiza udongo wala turubali kutoka ng'ambo. Vipande vinavyotupwa Tabaka kila siku vyaweza kujaza madarasa yote ya kaunti hizi mbili.

Napendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji kikao cha wizara. La kwanza, kila shule inayoagiza ngao, kikombe au zawadi ya jiwe isisitize kwamba jina la aliyechonga na la aliyetia nakshi yaandikwe nyuma yake. Shule ni mteja, na mteja ana sauti. La pili, mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi wake kwa mafundi wakakusanye msamiati wa kazi hiyo katika Ekegusii na Kiswahili: majina ya vifaa, ya hatua, ya rangi na ya kasoro za jiwe. Sisi wa vyuo vikuu tutafurahi kuupokea, maana maneno hayo hayamo katika kamusi na wenye kuyajua wanazeeka. La tatu, mwanafunzi wa sekondari anayejua kuandika barua rasmi amwandikie fundi wa jirani mapatano ya ukurasa mmoja: nimekuchorea hiki, kwa bei hii, ukitaka kukichapisha kwingine tutazungumza. Huo utakuwa uandishi wa kiuamilifu wenye faida kuliko barua elfu za kuomba kazi ambayo haipo.

Shime, walimu! Tumewafundisha watoto kuheshimu nembo ya shule hata wakajua rangi zake wakiwa wamefumba macho. Tuwafundishe pia kuuliza ni mkono wa nani ulioichora. Na wewe mwanafunzi, utakapoinunua sahani ya jiwe la Kisii kumpelekea mgeni, igeuze kwanza uitazame nyuma. Ukikuta haina jina, muulize muuzaji. Akikosa jibu, muulize tena wiki ijayo.